Mabadiliko, Kama Yapo

Dada Somoe,
fomu yako nimeijaza miaka miwili
na miaka miwili nimeidanganya.
*Je, gari limefanyiwa mabadiliko yoyote?*
Vinukta kumi na viwili, mstari mfupi kuliko kidole,
nami nikaandika Hapana
kwa kalamu uliyoifunga uzi mezani kwako isiibwe,
nikalipa, nikabandika stika kiooni,
nikapanda zangu Newala napiga honi.

Sasa gari la Lihundi limeungua Kitangari.
Mkaguzi katoka Mtwara na tochi,
kalala chali juu ya majivu, kachungulia,
kakuta mtungi wa gesi ambao haukuandikwa popote.
Fidia ikageuka barua.
Barua yenyewe aya mbili,
na ya pili ni salamu.

Tangu siku hiyo usingizi wangu una mlango mbovu.
Lete fomu. Naandika yote.
Mstari ukiisha nitapita pembeni,
pembeni kukiisha nitageuza karatasi.

Injini:
ile iliyomo kwenye kadi ilifia Mtama, mwezi wa tano, kwenye tope.
Hii ilikuja kwa basi kutoka Dar, imeviringishwa gunia,
nikailipia nauli kama mtu.
Namba zake na za kadi hazijuani.
Nilijua. Fundi Nang'uto naye alijua,
akafuta mikono, akasema, "Injini haina kabila."
Nilicheka siku ile.

Springi za nyuma nimezipandisha inchi tatu,
maana msimu ukifungua, Noa hii haibebi watu,
inabeba korosho mpaka ghalani, magunia tisa,
na tulipoulizwa *Matumizi* niliandika Binafsi.
Ni binafsi, dada. Korosho mbili tatu zilikuwa zangu.

Bampa ya mbele si ya kiwandani.
Ni bomba la ule mradi wa maji,
ule uliopimwa, ukapigwa picha, ukaondoka.
Nang'uto akalikata, akalichomelea.
Katika mabomba yote tuliyoahidiwa
ni hili tu lililofika mlangoni kwangu,
na kavu vilevile.

Taa mbili za ziada juu. Rimu pana. Honi ya basi.
(Honi nayo mnaihesabu?)

Halafu viti vya kati.
Hapa nilitaka kuishia kwenye honi.

Vilitolewa usiku, kwa spana namba kumi na nne,
nao mwanangu Mkapila akinishikia simu iwe taa.
Mama hakuweza kukaa tena, sharti alale,
na Ndanda ni mbali kwa mtu anayehesabu kila shimo.
Tukatandika godoro pale.
Mteremko mzima nilishuka kwa gia ya kwanza,
naye huko nyuma ananiuliza,
"Mbona gari lako limekuwa chumba?"

Tulikwenda mara nne.
Tulirudi mara tatu na yeye.

Viti viko ndani kwake, ukutani. Kimoja kuku ametagia.
Boliti zake nne natembea nazo,
zimo humu kwenye mfuko wa shati, zinalia nikiinama.
Sijui kama hayo yanaongeza hatari
au yanaipunguza.
Sijui yanaandikwaje.

*

Ulisoma polepole, Dada Somoe,
ukageuza karatasi, ukairudisha, ukaigeuza tena.
Ukabonyeza kikokotoo.
Injini: kadi ibadilishwe kwanza, uende mamlaka ya mapato.
Magunia: hii si binafsi, hii ni biashara.
Bei ikapanda, ikapanda, nami nikatikisa kichwa kama mnunuzi wa mbuzi.
Honi ukaicheka.

Ulipofika pale chini ukanyamaza,
kisha ukauliza, kama unavyouliza rangi ya gari,
"Viti vitarudi?"

Feni ilizunguka. Mteja nyuma yangu akakohoa.

Hukunisubiri.
Uliivuta ile kalamu mpaka uzi ukakaza,
ukaandika, kwa mwandiko wako wa kulala,
*Havijarudi,*
ukapiga muhuri.